Mo ya Kazini

Mimi ni mwoga, na nalisema mapema ili msomaji asije akangoja ushujaa. Majirani zangu pale Nyalenda, mtaa wa Kisumu, waliogopa njaa, polisi na wachawi, kila kimoja kwa zamu yake. Mimi niliogopa vyote kwa mpigo, na juu ya vyote niliogopa ovaroli ya mume wangu.

Ilikuja nyumbani kila Jumamosi ndani ya gunia, nzito kama mtoto aliyelala. Mara ya kwanza niliipeleka kwenye bomba la maji la mtaa, nikaichovya karaini, na wanawake waliokuwa kwenye foleni wakasogea kuona. Maji yaligeuka meusi, na juu yake kukatanda utando unaong'aa rangi nyingi. Mmoja akaniuliza kama mume wangu anachinja mashetani. Wakacheka, nikacheka nao. Kisha wakaniambia, bila kucheka, nisirudi tena pale na nguo ile. Tangu siku hiyo niliifulia nyuma ya nyumba, na maji yake niliyabeba hadi mtaroni, kwa sababu pale nilipoyamwaga mwanzo hata magugu yaliacha kuota.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mpira. Upande wa viwanda, karibu na reli, palikuwa na kiwanda kidogo cha kuvisha tairi kuukuu mpira mpya, zile ambazo madereva huziita ritredi. Tairi iliyokwisha meno inakwanguliwa, inapakwa gundi, inavishwa utepe mpya wa mpira, halafu inafungiwa ndani ya chuma cha moto ipikwe. Mume wangu hakuwa kwenye kupika. Alikuwa kwenye kukanda. Alisimama mbele ya mashine yenye rola mbili za chuma zinazozunguka zikielekeana, mpira mbichi ukabanwa katikati na kulainika, naye akiutilia masizi meusi, unga wa salfa, na mafuta, kopo baada ya kopo. Bila mafuta mpira haulainiki na masizi hayaingii. Hilo nilielewa upesi, maana hata mimi chapati zangu zikikosa mafuta huwa ngumu kama soli.

Mafuta yale yalikuwa mabaki ya mafuta ya petroli, meusi tii, mazito, yenye harufu ya lami. Yalikuja kwa meli hadi Mombasa na kwa treni hadi kwetu. Mume wangu aliyashika kwa mikono mitupu. Glavu zilikuwepo, lakini rola zikinasa glavu zinanasa na mkono, kwa hiyo hakuna mkandaji aliyezivaa. Jioni alinawa kwa petroli na mchanga, akafika nyumbani akinuka kituo cha mafuta, na bado kucha zake zilikuwa na ukingo mweusi hata siku ya kushiriki Meza ya Bwana.

Aliyemtangulia kwenye mashine ile alikuwa mtu wa kwetu Nyakach, ndiye aliyemtafutia mume wangu kazi. Nilimjua tangu utotoni. Alianza kwa vipele vigumu kwenye viganja na vifundo vya mikono, akavikata kwa wembe akivicheka. Baadaye kimoja kwenye mkono wa kulia kikafunguka na kikakataa kufunga. Kisha kukatokea uvimbe kwapani. Daktari wa hospitali kubwa alimwambia ni kansa ya ngozi, akamuuliza anafanya kazi gani, na alipoambiwa alitikisa kichwa tu. Alipofariki tulimpeleka nyumbani kwa pikapu ya kukodi, tukapita Katito siku ya soko, watu wakisimama pembeni kutupisha. Kwenye matanga wazee walisema ni chira, yaani laana ya kuvunja mwiko, kwa kuwa alijenga nyumba yake bila kufuata utaratibu wa boma. Hakuna aliyetaja mafuta. Nilimtazama ndani ya jeneza. Walikuwa wamemvika koti la mikono mirefu na kumvuta mikono ya koti hadi kwenye vidole.

Jumatatu iliyofuata mume wangu alihamishiwa kwenye mashine ya marehemu. Alifurahi, kwa sababu ilikuwa ni kupanda cheo. Mimi nilikaa jikoni nikiwaza koti lile hadi sufuria ikaungua.

Basi nikajiwekea desturi. Kila Jumapili baada ya kanisa nilimkalisha mlangoni, penye mwanga, nikamkunja mikono ya shati na kumkagua kama ng'ombe mnadani. Alivumilia. Alinitania kwamba ningekuwa mhudumu wa dipu ya mifugo ningepata mshahara mnono. Mwaka wa kwanza sikuona kitu ila ngozi iliyokauka na kupasuka. Mwaka uliofuata niliona nukta nyeusi zikijaa kwenye vinyweleo vya mikono hadi viwikoni, kisha majipu madogo madogo, na kisha, kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, kipele kigumu cha ukubwa wa punje ya mtama. Nikakigusa. Hakikumuuma, na hilo ndilo lililonitisha.

Nilimwomba aache. Aliniuliza aende wapi. Mjini watu waliokuwa na kazi walikuwa wakiishikilia kwa meno, na sisi tulikuwa na watoto na wazee wa pande mbili. Nilirudi kwenye uoga wangu, na uoga nao ulikuwa kazi: nililala nao, nikaamka nao, nikaenda nao sokoni kununua omena, dagaa wetu wa ziwani.

Halafu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, dola zikaadimika. Hayo niliyajua kwa sababu ya mafuta. Mwenye kiwanda alikuwa Mhindi aliyezaliwa Kisumu, baba yake aliuza vitambaa, naye aliizungumza Dholuo, lugha yetu Wajaluo, vizuri kuliko watoto wangu. Mapipa yake ya mafuta meusi yalikwama Mombasa kwa kukosa dola za kuyalipia mara ya kwanza, yakakwama tena, na mashine ikasimama. Ndipo ndugu yake mmoja aliyekuwa amesomea mambo ya mpira nje akamshauri ajaribu mafuta ya mimea. Alisema mpira haujali mafuta yametoka ardhini au kwenye mbegu, na ya mbegu hayadhuru watu wala udongo. Sidhani kama mwenye kiwanda alifikiria watu au udongo. Alifikiria mashine iliyosimama. Akaenda kwenye kinu cha kukamulia mbegu za pamba, akarudi na mapipa.

Wafanyakazi walicheka hadi wakashika mbavu. Walisema sasa tairi zitakaangwa, na kwamba lori likipata pancha dereva atakula kachumbari. Mume wangu alinieleza kwamba mwanzo haukuwa rahisi. Mafuta ya pamba yalikuwa yakila salfa, na salfa ndiyo inayoufanya mpira ushikamane unapopikwa, kwa hiyo tairi za kwanza zilitoka laini na kunata. Ikabidi waongeze salfa na kurefusha kupika. Baada ya hapo zikaanza kutoka nzuri, nyeusi, zenye kurudi zikibonyezwa. Zikafungwa kwenye malori machache ya majaribio, na malori yakaenda na kurudi.

Mimi sikujali tairi. Nilijali ovaroli. Jumamosi ya kwanza ilikuja ikinuka kama jikoni kwa mama yangu, mkulima wa pamba tangu nimjue. Masizi bado yalikuwepo, lakini yalitoka kwa sabuni. Na mikono ya mume wangu, wiki baada ya wiki, ikaanza kurudi kuwa mikono. Nukta zikapungua, majipu yakakauka. Kipele cha kifundoni kikawa kidogo, kisha Jumapili moja nikakitafuta kwa kidole gumba nikakikosa. Nililia pale mlangoni. Mume wangu aliniambia watu watadhani ananipiga.

Unadhani niliacha kuogopa? Nilianza kuogopa kwamba mafuta meusi yatarudi. Nilikuwa nikimuuliza kila jioni, kabla hata hajavua viatu, mapipa yaliyopo ni ya nini. Kitu pekee kibaya kuliko kukosa kitu kizuri, kwa mtu wa aina yangu, ni kuwa nacho.

Jirani yetu alikuwa mama mtu mzima wa kanisa la kanzu nyeupe, mwombaji mashuhuri, mkono wake umeshika vichwa vya wagonjwa wengi wa Nyalenda. Alikuwa ameiona mikono ya mume wangu siku zile mbaya na kuiombea. Jioni moja alipita akamkuta amekaa nje amekunja shati, akamshika mkono na kuugeuza huku na huku. Akamuuliza imekuwaje. Mume wangu, mtu wa maneno machache, alimjibu kwa Dholuo: ni mo ya kazini.

Niwaeleze neno hili, kwa kuwa ndilo lililotufikisha tulikofika. Kwetu mo ni mafuta. Ya kukaangia samaki ni mo, ya kujipaka ni mo, ya mashine ni mo, na yale ambayo mchungaji anamdondoshea mgonjwa kwenye paji la uso nayo ni mo. Kiswahili nacho hakisaidii, mafuta ni mafuta. Mume wangu alitaka kusema kwamba kazini wamebadilisha mafuta, yale mabaya yameondoka, ngozi ikapumua. Mama yule alisikia kwamba kazini kuna mafuta yanayoponya.

Kesho yake alikuja mlangoni kwangu na chupa ya soda.

"Nyar Nyakach," aliniambia, maana ndivyo tunavyoitana, binti wa Nyakach, "huyu mjukuu yangu kichwa imejaa mapunye. Ambia baba watoto aniletee hiyo mo kidogo tu."

Nilijaribu kumweleza. Nilimwambia si dawa, ni mafuta ya pamba yasiyosafishwa, na kilichomponya mume wangu si kupakwa haya bali kutopakwa yale. Aliniangalia kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mchoyo. Alisema Mungu huficha mambo katika vitu vidogo. Mume wangu aliona aibu kumnyima mtu aliyemwombea. Masalio ya chini ya pipa yalikuwa yakimwagwa hata hivyo, kwa hiyo alijaza chupa moja akaileta.

Kichwa cha mtoto kikapata nafuu. Labda mafuta yalilainisha magamba, labda bibi alianza kumwosha. Habari ikatoka mlango hadi mlango. Watu wakaja na chupa, na mikebe, na mmoja na birika. Mwenye vidonda vya mguu, mwenye mtoto asiyelala, mwanamke aliyekuwa akitafuta mimba kwa muda mrefu. Mume wangu aliwafukuza wote kwa upole. Lakini alikuwa na wenzake pale kiwandani, nao walikuwa na majirani, na kule kwao neno mo lilikuwa lilelile. Mafuta ya kupikia dukani yalikuwa yamepanda bei, na si kila mkebe uliotoka langoni ulikwenda kwa mgonjwa. Kuna jioni nilisikia harufu ya pamba kutoka majiko ya watu wengi pale mtaani, samaki wakikaangwa. Niliogopa watu watakufa kwa kula mafuta ya kiwandani. Niliogopa hawatakufa na watazidi kuyataka. Niliwaza mapipa yale yanakwisha, na mtu anapimaje, na nani ataulizwa.

Nilimuuliza mume wangu. Aliinama akafungua kamba za viatu polepole sana.

Akaniambia kuna fimbo inayotumbukizwa ndani ya pipa kupima yaliyobaki. Fimbo ilikuwa ikisoma vizuri kila asubuhi, ingawa mikebe ilikuwa inatoka. Na akaniambia mafuta yalikuwa yameanza kuchachatika kwenye rola za moto, kama samaki mbichi anapotiwa kwenye mafuta. Nilielewa kabla hajamaliza. Watu walikuwa wanachota mafuta na kurudishia maji.

"Wewe ulitia maji?" nilimuuliza.

"Hapana."

"Umeambia mtu?"

"Nikitaja maji, wataniuliza nani alifungua pipa kwanza."

Sikulala vizuri tangu hapo. Maji ndani ya mpira, alivyonieleza, hugeuka mvuke wakati wa kupika na kuacha mapovu ndani ya utepe, mtu asiyaone kwa nje. Tairi inang'aa, inapita mkaguzi, inaingia barabarani. Kila nilipoona lori limejaa mawe au saruji nilitazama magurudumu yake hadi lilipopotea. Niliwakataza watoto wangu kusimama kando ya barabara kuu. Waliniuliza sababu nikawaambia nimesema tu.

Habari ilitufikia siku ya soko. Lori moja la majaribio, lililobeba mahindi, lilikuwa likielekea upande wa Kisii. Karibu na Katito utepe wa tairi ya mbele ulibanduka wote kama ganda la ndizi, lori likayumba, likaacha barabara na kulala ubavu. Mama yangu alikuwa akiuza mboga soko lile. Nilikwenda stendi nikiwa na kanga moja na kiatu kisichofungwa, nikauliza kila dereva aliyetoka huko kama kuna watu waliokufa. Mmoja alisema wengi. Mwingine alisema hakuna. Mchana wote nilikaa juu ya jiwe nikiomba maombi yasiyo na mpangilio, nikimwahidi Mungu vitu nisivyokuwa navyo. Jioni alifika mtu wa kijijini kwetu akaniambia mama yangu ni mzima, na kwamba alikuwa ameokota mahindi ya kutosha wiki nzima. Dereva alivunjika bega. Hakuna aliyekufa.

Nilimshukuru Mungu, nikarudi nyumbani, nikamkuta mume wangu amekaa na mikono magotini. Tairi ile iliyobanduka ilikuwa imeletwa kiwandani, ikakatwa kwa kisu mbele ya wote. Ndani yake mlikuwa na vishimo vidogo, kama mkate. Wafanyakazi walisimama kwa mstari wakatazama vishimo vile, na kila mmoja alijua, na hakuna aliyefungua mdomo. Mwenye kiwanda akasema mafuta ya pamba basi tena. Mapipa meusi yalikuwa yametoka bandarini, yangefika kabla ya mwisho wa juma.

Siku ile nilikuwa mkali, na mimi si mkali. Nilimwambia mume wangu aende aseme. Aseme ni maji, si pamba. Aseme yaliyobaki yawekewe kufuli, watu waendelee. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema akisema hivyo, kiwanda kizima kitafukuzwa, yeye wa kwanza, na wale waliotia maji wana watoto kama sisi. Nikamwambia wale hawatii mikono ndani ya mafuta. Akasema anajua. Nikamkumbusha mtu wetu wa Nyakach, kwapa lake, koti lake la mikono mirefu. Aliondoka akaenda kusimama nje.

Nilisubiri. Ovaroli ya Jumamosi ilirudi na ile harufu ya lami. Niliifua nikiwa nimefunga pua kwa leso, na nilipoinua mikono yangu kutoka majini niliona utando ule ule umeshika kwenye nywele za mikono yangu mwenyewe. Wiki chache baadaye nukta zilikuwa zimerudi kwenye mikono yake. Hazikungoja.

Ndipo nilipokwenda mimi. Sitaki kuifanya safari hii iwe kubwa. Niliacha watoto kwa jirani, nikavaa gauni la kanisani, nikatembea hadi upande wa viwanda. Langoni nilimwambia askari nina shida ya kifamilia na nataka kumwona tajiri wake. Alinitazama gauni, akanipitisha. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, ya Kiswahili cha adabu, na nilipoingia ofisini yote yalitoroka. Mwenye kiwanda alikuwa mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akinywa chai. Aliona hali yangu akaniamkia kwa Dholuo na kunionyesha kiti.

Nikamwambia yote. Nikamwambia kuhusu neno mo, mjukuu wa jirani, chupa ya kwanza na nani aliileta, mikebe, fimbo na maji. Nilimwambia mafuta ya pamba hayana kosa. Sikumtaja mtu yeyote ila mume wangu, na nikamwambia kama ni kufukuza amfukuze huyo mmoja, maana afadhali nimpate nyumbani akiwa hana kazi. Nilimwambia kuhusu kipele kilichokuja kikaondoka. Nilikuwa nikilia bila sauti, chozi linaingia mdomoni, nami naendelea kusema.

Hakukasirika. Alisukuma kikombe kando. Aliniambia alijua kuhusu maji tangu siku alipokata tairi, kwa kuwa amekuwa kwenye mpira tangu ujana na vishimo vile anavifahamu. Alisema pia mafuta ya pamba yalikuwa mazuri, na kwamba hata bei yake ilikuwa nafuu. Nilipomuuliza kwa nini basi, alinijibu taratibu, kwa Dholuo safi, kama anayemweleza dada yake mdogo.

"Nitaweka kufuli, watakata kufuli. Nitaweka askari, askari naye ana mke na sufuria. Hiki ni chakula, mama, na mji una njaa. Yale meusi, tangu nifungue kiwanda hiki, hakuna mtu aliyewahi kuyaiba."

Nilikaa pale nikitafuta kosa ndani ya maneno yale. Sikuliona. Hata sasa, miaka mingi imepita, bado sijaliona, na hilo linanikera kuliko kama angenitukana. Nilimwomba basi ampe kazi nyingine, kufagia, kubeba, yoyote. Akasema atafikiria, lakini mkandaji mzuri hapatikani kirahisi. Akaniahidi kwamba yale niliyomwambia hayatatoka nje ya ofisi. Akaniuliza kama nimekunywa chai.

Akanifungulia mlango wa pili wa ofisi nitokee, na huo ulifungukia karakana. Ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho kuiona mashine ile. Ilikuwa na kelele kuliko nilivyofikiri. Nilitaka kupita nikiwa nimeinamisha kichwa, lakini mume wangu aliinua macho akaniona, nikiwa na gauni la kanisani, uso umelowa, katikati ya siku ya kazi. Alikuwa mweusi hadi juu ya viwiko, anang'aa. Aliacha rola zikizunguka akaja mbio, akasimama hatua moja mbele yangu ameinyanyua mikono asinichafue.

"Nani amekufa?" aliniuliza.

Nikamwambia hakuna mtu aliyekufa.

Akatabasamu kwa faraja, akaniambia nimemtisha bure. Kisha akarudi kwenye mashine, akachovya kopo ndani ya pipa la mafuta meusi.